Mwongozo kamili: kulinda Wi-Fi ya shule, kuanzia ofisi ya mhasibu hadi maabara ya kompyuta

Nywila inabadilishwa Jumatatu ya kufungua shule. Kufikia wiki ya pili wanafunzi wanayo, na kufikia katikati ya muhula inatumiwa na vibanda vilivyo nje ya geti. Inabadilishwa tena, inavuja tena. Shule za Kakamega, Kisumu, Bungoma na Nakuru hulalamikia jambo hili hili, na dawa inayotolewa mara nyingi ni nywila ndefu zaidi. Haitasaidia. Simu ya Android ya toleo la 10 kwenda juu ikishaunganishwa huonyesha nywila ya mtandao kama picha ya msimbo (QR) ambayo simu nyingine inaiskani kwa sekunde mbili. Nywila moja inayotumiwa na watu 40 si siri tena, hata ikiwa na herufi 30.

Kinachofaa ni kugawanya mtandao, kumpa kila mfanyakazi ufunguo wake, kisha kufunga milango midogo ambayo watu huisahau. Mwongozo huu ni wa shule ya sekondari au chuo kidogo chenye watumiaji kati ya 200 na 800. Unahitaji Jumamosi mbili, na ni heri ziwe za likizo ya Aprili au Agosti. Usianze kazi hii wakati wa mtihani wa KCSE.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruta inayoelewa VLAN (njia ya kugawa mtandao mmoja kuwa kadhaa isiyoonana) na yenye faiawoli, yaani kichujio cha mapito ya mtandao, unayoweza kuiandikia kanuni. Ruta ndogo ya kampuni ya MikroTik inatosha. Kisanduku unachopewa na kampuni ya intaneti kwa kawaida hakitoshi. Kiache kilete intaneti tu, na ruta yako ikae nyuma yake.
- Swichi inayosimamika ya matundu 16 au 24, yenye PoE ili vituo vya Wi-Fi vipate stima kupitia kebo.
- Vituo vya Wi-Fi, vile visahani vyeupe vya darini, vyenye uwezo wa WPA2-Enterprise (ulinzi wa Wi-Fi ambapo kila mtu huingia kwa jina na nywila yake) na kurusha zaidi ya jina moja la mtandao. Hesabu kituo kimoja kwa watu 30 hadi 40 wanaotumia kwa wakati mmoja.
- Kompyuta moja ya kuwa seva: RAM ya GB 4, diski ya SSD, Ubuntu Server 24.04. Kompyuta kuukuu ya maabara inafaa, lakini inunulie betri mpya ya CR2032 ya ubao mama. Sababu iko mbele.
- UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea) kwa ruta, swichi na seva.
- Kebo ya Cat6 ya shaba tupu. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni ya bei rahisi dukani, lakini hupoteza stima njiani na kituo huzimika na kuwaka chenyewe. Urefu usizidi mita 100.
- Simu moja ya Android na laptopu moja ya Windows za kujaribia.
- Idhini ya maandishi kutoka kwa mwalimu mkuu. Utagusa mashine za ofisi ya fedha. Usizikaribie kwa idhini ya mdomo.

Kuhusu radi: Kakamega, Kisii na maeneo yote yanayozunguka Ziwa Victoria hupata radi nyingi. Usivushe kebo ya shaba kutoka jengo moja hadi jingine, kwa sababu radi ikipiga karibu, mshtuko husafiri ndani ya kebo na kuchoma swichi za pande zote mbili. Kati ya majengo tumia nyaya za fiba, maana kioo hakipitishi stima.

## Hatua ya 1: Jua kilichopo

Zunguka shule nzima na daftari. Andika kila ruta, swichi na kituo: aina yake, mahali kilipo, kebo yake inaingia tundu gani. Ingia pia kwenye nyumba za walimu na nyuma ya kabati la chumba cha walimu. Huko ndiko hupatikana ruta ndogo ambayo mtu aliichomeka mwenyewe ili simu yake ishike vizuri. Ruta hiyo moja, isiyo na nywila au yenye nywila ya kiwandani, hubatilisha kila kitu utakachofanya baadaye.

Kisha toka nje ya geti ukiwa na programu ya simu inayopima mawimbi. Andika mtandao wa shule unasomeka kwa nguvu gani kwenye steji ya boda, kwenye vibanda, na kwenye ua wa nyuma.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja unaoonyesha vifaa vyote, na hakuna kebo hata moja ambayo hujui inakoelekea.

## Hatua ya 2: Funga vifaa vyenyewe

Kwa kila ruta, swichi na kituo:

1. Toa nakala ya akiba ya mipangilio, uihifadhi kwenye flashi.
2. Sasisha programu endeshi ya kifaa. Hakikisha kiko kwenye UPS, kwa maana stima ikipotea katikati ya usasishaji kifaa kinaweza kisiamke tena.
3. Badilisha jina na nywila ya msimamizi. Usiache "admin".
4. Zima WPS, yaani njia ya kuunganisha kifaa kwa PIN au kitufe badala ya nywila. PIN yake ina tarakimu 8, lakini hukaguliwa vipande viwili na tarakimu ya mwisho ni ya kuthibitisha tu, kwa hiyo mvamizi anabaki na majaribio yasiyozidi 11,000. Udhaifu huu umejulikana tangu 2011 na bado vifaa vinauzwa WPS ikiwa imewashwa.
5. Zima Telnet (njia ya zamani ya kuongoza kifaa bila usimbaji), UPnP (inayoruhusu vifaa kujifungulia milango ya ruta), na usimamizi kutoka upande wa intaneti. Kwenye MikroTik, mlango 8291 wa Winbox, programu ya kuisimamia, usionekane kabisa kutoka nje.

Jaribio: washa data ya simu, jaribu kufungua ukurasa wa ruta kwa anwani yake ya intaneti. Ukiona ukurasa wa kuingilia, hujamaliza.

## Hatua ya 3: Gawanya mtandao

VLAN hufanya kebo na swichi zile zile zibebe mitandao kadhaa isiyoonana. Mgawanyo huu unatosha shule nyingi:

- VLAN 10, usimamizi: ruta, swichi, vituo, seva. 10.10.10.0/24
- VLAN 20, ofisi: mhasibu, karani, mwalimu mkuu. 10.10.20.0/24
- VLAN 30, walimu. 10.10.30.0/24
- VLAN 40, wanafunzi na maabara. 10.10.40.0/22
- VLAN 50, wageni. 10.10.50.0/24

Namba baada ya mkwaju huonyesha ukubwa wa mtandao. Wanafunzi wamepewa /22 kwa sababu /24 ina anwani 254 pekee. Zikiisha, simu au tableti huonyesha imeunganishwa lakini intaneti haifunguki, na watu hulaumu kampuni ya intaneti bure. /22 inatoa anwani 1,022. Muda wa kukodisha anwani uwe saa 4 kwa wanafunzi na saa 1 kwa wageni.

Matundu ya swichi yanayokwenda kwa ruta na kwa vituo vya Wi-Fi yabebe VLAN zote zikiwa na alama (tagged). Tundu la kompyuta ya mhasibu libebe VLAN 20 tu, bila alama (untagged).

Onyo. Hapa ndipo watu wengi hujifungia nje. Ukiwasha VLAN kwenye tundu unalotumia wewe mwenyewe kabla ya kulipangia VLAN 10, ruta haitakusikia tena. Acha tundu moja bila kuliguza hadi mwisho. Kwenye MikroTik, bonyeza Ctrl+X ndani ya dirisha la amri kabla ya kuanza: muunganisho ukikatika, ruta itarudisha yenyewe mipangilio ya awali. Ukimaliza salama, bonyeza tena Ctrl+X ili mabadiliko yashike.

### Kanuni za faiawoli

Faiawoli husoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Mpangilio uwe huu:

1. Ruhusu miunganisho iliyokwisha kuanzishwa.
2. VLAN 10 ifike kote.
3. Ruhusu VLAN 20, 30, 40 na 50 kwenda intaneti.
4. Zuia kila kinachobaki kati ya VLAN na VLAN.

Walimu wakihitaji printa ya ofisini, fungua njia ya anwani ile moja ya printa, wala usifungue VLAN 20 nzima.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni hili: mtu anazuia mapito kati ya VLAN, lakini anasahau kwamba ruta yenyewe ina anwani ndani ya kila VLAN. Mwanafunzi aliye VLAN 40 hawezi kumfikia mhasibu, ila akiandika 10.10.40.1 kwenye kivinjari anakutana na ukurasa wa kuingia kwenye ruta. Andika kanuni nyingine kwenye mnyororo wa trafiki inayoelekea ruta yenyewe (input): wasio VLAN 10 waruhusiwe DNS (inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) na DHCP (inayogawia vifaa anwani) tu, mengine yote yakatwe.

Umefaulu ikiwa laptopu iliyo VLAN 40 inafungua intaneti, haipati jibu ikipigia `ping` kompyuta yoyote ya 10.10.20.x, na haifungui ukurasa wa ruta kwa anwani yoyote. Firewall ya Windows nayo hunyamazia `ping`, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba mashine unayoijaribia hujibu ukiipigia kutoka VLAN 10.

## Hatua ya 4: Kila mfanyakazi na ufunguo wake

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayomaliza tatizo la nywila kuvuja. Seva ya RADIUS humwuliza kila mtu jina lake na nywila yake. Mwalimu akihamishwa na TSC, unafuta jina moja; wengine hawaguswi. Na ile picha ya msimbo wa kushiriki nywila haipo kabisa kwenye mtandao wa aina hii.

Chuo kilicho mwanachama wa KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, kiulize kwanza kuhusu eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo ambayo KENET huiendesha nchini. Kwa shule ya kawaida, endelea hivi.

Sakinisha FreeRADIUS, programu ya seva hiyo, kwenye kompyuta ya Ubuntu.

`sudo apt update && sudo apt install freeradius freeradius-utils make`

Tambulisha vituo vya Wi-Fi. Fungua `/etc/freeradius/3.0/clients.conf`, uongeze kwa kila kituo:

```
client kituo-walimu {
    ipaddr = 10.10.10.11
    secret = weka-herufi-24-za-nasibu
}
```

Kila kituo kipewe siri yake. Kwenye faili hilo hilo kuna siri ya kiwandani, `testing123`, ibadilishe.

Tengeneza vyeti, yaani faili za kuthibitisha utambulisho wa seva. Nenda `/etc/freeradius/3.0/certs`, ufungue `ca.cnf` na `server.cnf`. Badilisha nywila, jina la shule, na `default_days`. Zingatia hili la mwisho: thamani yake ya kawaida ni siku 60. Ukiiacha, mtandao utafanya kazi vizuri kwa miezi miwili, kisha asubuhi moja hakuna mwalimu atakayeingia. Weka 3650 kwa cheti kikuu na 825 kwa cheti cha seva, kwa sababu vifaa vya Apple hukataa cheti cha seva kinachozidi siku 825. Jina la seva liwe kama `radius.jinalashule.sc.ke`, utalihitaji kwenye simu. Kisha, kama msimamizi mkuu:

```
make ca.pem
make server.pem
chown freerad:freerad *.pem *.key
```

Ukisahau mstari wa tatu, seva itakataa kuwaka kwa kuwa haina ruhusa ya kusoma ufunguo wake yenyewe.

Unganisha vyeti. Kwenye `mods-available/eap`, weka `default_eap_type = peap`. Ndani ya sehemu ya `tls-common`, elekeza `private_key_file`, `certificate_file` na `ca_file` kwenye faili ulizotengeneza, na uandike nywila mpya. Ubuntu huanza na vyeti vya mfano ambavyo havifai kutumika. Kisha shuka hadi sehemu ya `peap` uandike `use_tunneled_reply = yes`. Bila mstari huo mtu ataingia, lakini namba ya VLAN haitafika kwenye kituo, na mhasibu atajikuta kwenye mtandao wa walimu.

Andika watumiaji kwenye `mods-config/files/authorize`:

```
mhasibu  Cleartext-Password := "nywila-yake"
         Tunnel-Type = VLAN,
         Tunnel-Medium-Type = IEEE-802,
         Tunnel-Private-Group-Id = "20"
```

Walimu wapewe "30". Koma zilivyo hapo ndivyo ziwe: mistari ya kati inaishia na koma, ya mwisho haina. Nywila ziko wazi ndani ya faili hili, kwa hiyo chumba cha seva kifungwe kwa kufuli, na kila mtu aambiwe asitumie nywila ile ile anayoitumia kwenye tovuti ya KNEC au barua pepe.

Jaribu. Simamisha huduma, uiendeshe mbele ya macho yako:

```
sudo systemctl stop freeradius
sudo freeradius -X
```

Kwenye dirisha la pili, `siri-mpya` ikiwa ile uliyoweka badala ya `testing123`:

`radtest -t mschap mhasibu nywila-yake 127.0.0.1 0 siri-mpya`

Ukiona `Access-Accept`, jina na nywila viko sawa. Jaribio hili haligusi vyeti, kwa hiyo usitangaze ushindi kabla simu halisi haijaingia. Simu ikikataa, dirisha la kwanza litakuonyesha mstari mwekundu unaotaja sababu. Lisome kabla ya kubadilisha chochote. Ukiridhika, bonyeza Ctrl+C na uirudishe huduma kwa `sudo systemctl start freeradius`.

Kwenye vituo, unda jina la mtandao la wafanyakazi, uchague WPA2-Enterprise (au WPA3 ikiwa vifaa vyote ni vipya), anwani ya seva, mlango 1812 wa uthibitisho na 1813 wa kumbukumbu, pamoja na siri ya kituo hicho.

## Hatua ya 5: Simu zijue seva ya kweli

Mtu anaweza kukaa nje ya ua na kituo chake chenye jina lile lile la mtandao wa shule. Simu isiyokagua cheti itamkabidhi thibitisho la nywila, naye atalivunja akiwa nyumbani kwake. Ndiyo maana vyeti si pambo.

Pakia `ca.pem` kwenye kila simu na laptopu ya wafanyakazi. Kwenye Android, ingia mipangilio ya usalama, sakinisha cheti, uchague aina ya Wi-Fi. Kisha unapojiunga: mbinu PEAP, uthibitisho wa ndani MSCHAPv2, cheti kile ulichosakinisha, na kwenye nafasi ya domeni jina lile la `radius.jinalashule.sc.ke`, herufi kwa herufi. Android nyingi za toleo la 11 kwenda juu hazina tena chaguo la kutokagua cheti, na huo ndio mwanzo wa malalamiko ya "simu mpya zinakataa". Simu haina kosa, imenyimwa cheti.

iPhone huonyesha cheti na kuuliza kama unakiamini. Bandika alama ya kidole ya cheti hicho (fingerprint, msururu wa herufi na namba) kwenye ubao wa chumba cha walimu ili kila mtu ailinganishe kabla ya kukubali.

Tenga saa mbili, keti na walimu, muwaunganishe wote siku moja. Ukiwaachia karatasi ya maelekezo, nusu watarudi kwako na nusu watatumia data yao.

## Hatua ya 6: Maabara na wageni

Kompyuta na tableti za maabara zikae VLAN 40 kwa nywila ya pamoja yenye herufi 20 au zaidi, inayoingizwa na fundi wa maabara peke yake. Mwanafunzi asiitamke wala kuiona. Tableti ziondolewe ruhusa ya kufungua mipangilio, la sivyo ile picha ya msimbo itarudi. Ukichanganya WPA2 na WPA3, ulinzi wa fremu za usimamizi (PMF) uwe wa hiari. Ukiulazimisha, tableti za zamani hazitauona mtandao.

Wageni, yaani wazazi wa siku ya mikutano au wakaguzi, wapewe vocha ya saa chache yenye kikomo cha kasi.

Kwa VLAN 40 na 50 washa utengano wa vifaa (client isolation) ili simu moja isiione nyingine.

Mambo mawili ya kuacha. Kuficha jina la mtandao hakufichi kitu, kwani vifaa vyenyewe hulitaja hewani vikilitafuta. Na orodha ya anwani za MAC (namba za utambulisho za vifaa) zinazoruhusiwa ni jasho la bure, maana Android 10 na iOS 14 kwenda juu hutumia anwani za kubuni.

## Hatua ya 7: Nguvu ya mawimbi

Rudi kwenye vipimo vya nje ya geti. Punguza nguvu ya kurusha hadi darasani upate karibu -67 dBm (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi) na kwenye vibanda mawimbi yawe hafifu. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 na 11 tu. Paa la mabati huzuia mawimbi, kwa hiyo weka kituo ndani ya darasa, wala usikipandishe juu ya dari ukitumaini kitahudumia madarasa matatu.

## Hatua ya 8: Kichujio

Kwa VLAN 40, DNS iwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, ambazo huzuia programu hasidi na picha za ngono. Kisha ruta ielekeze huko huko maombi yote ya mlango 53, ambao ni wa DNS, na uzuie mlango 853 wa DNS iliyosimbwa, maana mwanafunzi akibadilisha DNS kwa mkono amekwepa kila kitu. VPN bado zitapita baadhi ya siku. Kichujio hakichukui nafasi ya mwalimu aliyesimama maabarani.

## Hatua ya 9: Kumbukumbu na sheria

Hifadhi kumbukumbu za nani aliingia, saa ngapi, kwa anwani ipi. Muda wa siku 90 ni wa kutosha kufuatilia tukio la muhula uliopita. Hizi ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na nyingi ni za watoto, kwa hiyo wazazi waelezwe kwa maandishi zinakusanywa kwa sababu gani na hufutwa lini. Kumbukumbu zisomwe na watu wawili waliotajwa kwa cheo, si kila anayepita ofisini.

## Kikikwama, angalia hapa

Kumbukumbu zinaonyesha saa isiyo sahihi baada ya stima kurudi. Angalia saa ya seva kwa amri ya `date`. Betri ya ubao mama ikifa, kompyuta inaweza kuamka ikiwa mwaka wa nyuma, na saa za kumbukumbu zote huharibika. Weka betri mpya ya CR2032, hakikisha seva inachukua saa kutoka kwenye intaneti, kisha anzisha upya FreeRADIUS.

Kituo kimoja tu ndicho hakikubali watu. Siri yake haifanani na iliyo kwenye `clients.conf`, au anwani yake ya IP imebadilika. Vituo vipewe anwani zisizobadilika.

Mtu anaingia lakini hapati anwani. VLAN yake haijapitishwa kwenye tundu la swichi linaloenda kwa kituo hicho.

Mwalimu mmoja hawezi, wengine wanaweza. Afute mtandao huo kwenye simu na kuanza upya. Mara nyingi kuna nafasi tupu mwishoni mwa jina lake, iliyowekwa na kibodi ya simu.

Intaneti ni ya kobe saa za masomo. Pima kwa kebo kwanza. Kebo ikiwa na kasi, hesabu majina ya mtandao kila kituo kinayorusha: yasizidi matatu, kwani kila jina hula hewa hata kama hakuna anayelitumia. Kebo nayo ikiwa polepole, angalia kwenye ruta ni kifaa kipi kinachomeza njia. Kompyuta za maabara zikiwashwa zote pamoja asubuhi ya Jumatatu, masasisho ya Windows yanatosha kuijaza. Yapange yashuke usiku.